Muulize Bwana Shamba: Hivi hawa panzi wanatokea wapi kila mvua ikinyesha?

Jamani wasomaji wangu wa Arusha na Moshi, safari hii meseji zimejaa panzi mpaka zile za kahawa na nyanya nimeziweka pembeni kwanza. Sababu inajulikana, vuli imenyesha, majani yameota kila kona, afu watu wanaamka asubuhi wanakuta maharage yametobolewa. Nimechagua zile zinazouliza kitu tofauti tofauti, zile za "nipige dawa gani" ziko nyingi mno, nimezijibu kwa pamoja kule mwisho na kwa kifupi, mtanisamehe.

Baba Glory, Himo

Bwana Shamba shikamoo. Mimi nina kihamba huku juu na shamba la mahindi na maharage kule chini upande wa Kahe. Mwaka jana vuli ilitugomea kabisa, shamba likawa vumbi tupu, panzi sikuwaona hata wa dawa. Sasa mwaka huu mvua imekuja vizuri na haikupita muda mrefu nikaanza kuona vipanzi vidogo vidogo visivyo na mabawa vimejaa kwenye majani ya ukingo wa mfereji, najiuliza hawa wametokea wapi, jirani yangu anasema wanaletwa na upepo wa mvua, kuna mzee mwingine anasema wanatoka ardhini. Nani mkweli hapo?

*Marahaba Baba Glory, habari za Himo.* Msikilize huyo mzee. Wewe mwenyewe umeshasema hao vipanzi hawana mabawa, sasa upepo ungewabeba vipi wote waje watue ukingo wa mfereji wako tu? Wamezaliwa hapo hapo, na mama yao pengine alishakufa siku nyingi.

Ni hivi. Panzi jike akiwa tayari kutaga anatafuta udongo, sio jani. Ncha ya tumbo lake ina vitu vigumu vya kuchimbia, anaisukuma ardhini mpaka tumbo linavutika na kurefuka kuliko lilivyo kawaida, afu anapanga mayai kule chini, sentimita chache tu, na juu yake anaziba kwa povu ambalo likikauka linakuwa kama sponji. Kifuko kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na mayai machache au kikazidi 100, inategemea ni panzi wa aina gani na huyo mama alikula nini. Kabla hajataga anapima kwanza, anaingiza tumbo ardhini, akikuta pakavu anachomoa anasogea mbele anajaribu tena. Ndo maana ukingo wa mfereji wanaupenda, udongo una unyevu, umelegea, na hakuna mtu anayepitisha jembe pale.

Sasa mvua inaingiaje hapo. Watu wengi wanafikiri mvua inaleta majani, majani yanaleta panzi, basi. Ni kweli ila ni nusu ya habari. Jike asipopata majani mabichi, mayai machanga yaliyoko tumboni hayakomai, na hali ikiwa mbaya sana mwili wake unayafyonza tena, yaani anayala mwenyewe kwa ndani ili aishi. Kwahiyo kiangazi kikali kinaweza kukuachia panzi wakubwa wanaozunguka shambani lakini hawazai. Mvua ikianguka, majani yakatoka, tumbo linajaa mayai kwa muda mfupi sana. Halafu yai lenyewe likishakuwa ardhini nalo linahitaji maji, linanyonya unyevu kutoka kwenye udongo mpaka uzito wake unakaribia kuwa mara mbili ya lilivyotagwa. Udongo ukikauka kabla halijanyonya vya kutosha, yai linasimama au linakufa. Na hata tunutu, yaani mtoto wa panzi ambaye hajaota mabawa, akitoka salama, asipokuta jani laini la kuanzia maisha hafiki mbali.

Ukijumlisha na joto ndo unapata jibu la kwa nini haikupita muda mrefu ukawaona. Chini ya nyuzi joto 15 hivi yai la nzige na la panzi wengi wa nchi za joto halisogei, limekaa tu. Kwenye joto la kule Kahe na Arusha Chini, udongo ukiwa na maji, wiki mbili tatu zinaweza kutosha. Kwenye baridi inachukua zaidi ya mwezi.

Lakini swali lako zuri ni lile la mwaka jana, maana kama hukuwaona, mayai yametoka wapi. Mengine yametagwa na wakubwa wachache waliojificha kwenye majani ya mtoni, wakataga mvua za mwanzo zilipogusa. Mengine yalikuwepo ardhini muda wote. Na hapa kuna kusubiri kwa aina mbili ambako watu wanachanganya. Kuna yai linalosimama kwa sababu halina maji tu, siku likipata maji linaendelea na safari yake. Na kuna yai linalolala usingizi wa kuzaliwa nao, hata ulimwagilie leo halianguliwi mpaka muda wake uishe. Kule Sahel, nchi kama Niger, Mali na Senegal, kuna panzi mmoja msumbufu sana wa uwele anaitwa kwa kisayansi Oedaleus senegalensis. Mwisho wa mvua siku zikianza kuwa fupi na usiku kupoa, majike wanataga mayai ya kulala, yanavuka miezi yote ya ukame ardhini, na mvua ikikosekana yana uwezo wa kusubiri zaidi ya mwaka mmoja. Ndo maana baada ya ukame ule mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 mvua ziliporudi panzi walilipuka mwaka 1974, na wakalipuka tena 1986 baada ya ukame mwingine. Mkulima wa kule alikuwa ameshukuru Mungu kwa mvua, wiki chache baadaye anaangalia uwele wake unaliwa.

Ukame una jambo lingine tena, unapunguza maadui wa panzi. Kuna vinyigu vidogo sana vinavyotaga ndani ya mayai ya panzi. Kuna nzi wa aina fulani ambao mabuu yao yanakula hivyo vifuko. Halafu kuna wale mbawakavu weusi wenye mistari ya njano au mekundu wanaokula maua ya maharage, ukimponda mkononi anakutoa malengelenge, hao tunawachukia na ni haki yetu, ila watoto wao wanaishi ardhini na chakula chao ni mayai ya panzi. Hawa wote wanategemea panzi wawepo. Panzi wakipotea nao wanapungua, afu panzi wakirudi wanawatangulia kwa msimu mzima.

Mama Anold, Kibosho

Bwana Shamba mimi niko Kibosho kihambani kwangu, migomba na kahawa na magimbi. Huku panzi sio tatizo kabisa tofauti na shamba letu la chini, kwa nini? Na masika iliyopita niliona kitu cha ajabu, panzi wamekufa wamekumbatia ncha za majani juu kabisa, wamekauka hivyo hivyo wamesimama, nikamwambia mume wangu akasema labda jirani amepiga dawa.

*Mama Anold,* jirani msimsingizie. Huo ni ugonjwa wa ukungu, jina lake la kisayansi Entomophaga grylli. Panzi akiupata, siku ya mwisho anapanda mpaka juu kabisa ya mmea, anakumbatia shina kwa miguu, anakufa kichwa kikiwa juu. Kwa kukaa pale juu mbegu za ukungu zinaangukia wenzake walioko chini. Ni kitu cha kutisha kidogo ukikifikiria, ugonjwa unamwambia mtu aende akafie wapi. Unahitaji unyevu mwingi hewani, kwahiyo masika yenye manyunyu na mawingu ya mlima siku nzima ndo wakati wake, na kiangazi huuoni.

Hilo linajibu na swali la kwanza. Watu wanasema mvua inaleta panzi, mimi nasema mvua ya kiasi inaleta panzi. Huko juu kwenu mvua ni nyingi, kivuli cha migomba kinazuia jua lisigonge ardhi, udongo unakaa wa baridi, mayai yanachelewa, mengine yanaoza, na wanaotoka wanakutana na ukungu. Panzi ni mtu wa jua. Asubuhi utamkuta amekaa ubavu kuelekea jua anajipasha, bila joto hata kusaga chakula tumboni kunamshinda. Kule chini jua lipo, mvua inanyesha inaacha, ardhi inapata joto katikati ya mvua na mvua, hapo anazaa mpaka unashangaa. Na mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ikishuka mpaka Moshi mjini, hata wa chini wanapungua kasi.

Chalii wa Longido

Mambo vipi bro. Mwaka 2021 nzige walitua huku kwetu tukawa tunapiga madebe na mabati na mbuzi wamekosa malisho. Wazee wanasema waliacha mayai. Sasa kila mvua ikinyesha watu wanaogopa kwamba yale mayai ndo yanaanguliwa, kuna mmoja amesema hataki kulima kabisa. Ni kweli yanaweza kukaa mpaka leo?

*Poa sana mdogo wangu.* Mwambie huyo mtu akalime. Yule alikuwa nzige wa jangwani, na yeye ni tofauti kabisa na yule panzi wa Sahel niliyemtaja kwa Baba Glory, mayai yake hayana usingizi. Yakitagwa yana njia mbili tu, yaanguliwe au yafe. Kwenye joto zuri ni siku 10 hivi, kwenye baridi inaweza kufika siku 65, zaidi ya hapo hakuna kitu. Kama walitaga Longido mwezi wa pili 2021, hesabu ya mayai hayo ilifungwa mwaka huo huo.

Ila nakuelewa kwa nini watu wana hofu, maana ule msimu ulikuwa mbaya, Januari 2020 makundi madogo yaliingia kutokea Kenya yakaonekana maeneo ya Kilimanjaro, afu Februari 2021 wakaja Longido na kwa majirani zenu wa Simanjiro mpaka zikaletwa ndege za kupulizia. Chanzo chake hata sio Afrika. Mwezi wa tano 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Bara Arabu, kikamwaga maji kwenye jangwa kubwa la mchanga linaloitwa Robo Tupu, sehemu ambayo hakuna mtu anayeishi wala wa kuangalia. Mwezi wa kumi mwaka huo huo kikaja kingine, Luban, kikapiga sehemu zile zile. Mchanga ukakaa na unyevu miezi mingi mfululizo, wakazaliana vizazi vitatu bila mtu kuwagusa. Na kila kizazi cha nzige wa jangwani hali ikiwa nzuri kinaweza kuongeza idadi mara 20 hivi, sasa chukua simu yako upige 20 mara 20 mara 20 uone. Wakavuka Yemen, wakaingia Pembe ya Afrika, Desemba 2019 kimbunga Pawan kikanyeshea Somalia, wakapata kitanda kingine cha kutagia, kutoka hapo Kenya, kutoka Kenya sisi.

Unaona mambo yalivyo, kwake yeye majira sio masika na vuli ya kalenda, majira ni popote mvua ilipoangukia. Milimita 25 za mvua zikirudiwa miezi miwili mfululizo zinamtosha kuzaa. Kama hakuna mvua anakaa bila kukomaa, rangi yake ya waridi ile mliyoiona, anaweza kukaa miezi hivyo hivyo anarukaruka na upepo. Akifika penye mvua anageuka wa njano, hapo ujue anataka kutaga. Waliotua kwenu kama wengi walikuwa wa waridi basi walikuwa bado wachanga, walikuja kula tu.

Kuna kitu kingine kuhusu huko kwenu nimekipenda siku zote. Miaka ya 1960 wataalamu waligundua nzige wa jangwani wanaharakishwa kukomaa na harufu za miti ya jamii ya manemane, ile yenye utomvu unaonukia. Ile miti inachipua karibu na mvua kuanza, kwahiyo nzige aliyekaa karibu nayo anapata taarifa mapema, mvua ikigonga ardhi yeye tumbo liko tayari. Na miti ya jamii hiyo si unajua ilivyojaa kwenye pori la huko kwenu. Simaanishi muikate, tafadhali.

Mwalimu, Usa River

Ndugu Bwana Shamba, ninafundisha bailojia. Wanafunzi wangu wameniuliza je, panzi anajuaje kwamba kiangazi kinakuja ili asizae muda mbaya, wakati hana kalenda. Nimewaambia ni joto na mvua, lakini mmoja akauliza, je kama mvua ikinyesha bahati mbaya katikati ya kiangazi, si watadanganyika wote? Naomba msaada.

*Mwalimu,* huyo mwanafunzi mpe daftari la bure. Wapo wanaodanganyika, wanataga kwa mvua ya kupita, udongo unakauka, kizazi kinapotea. Kwa sababu hiyo wengine hawategemei mvua peke yake, wanasoma urefu wa mchana.

Mfano wa hapa hapa nchini ni nzige mwekundu. Makazi yake ya kuzaliana ni mabonde ya majani yanayojaa maji, bonde la Rukwa, Iku kule Katavi, Malagarasi, Wembere. Hawa ndo walioanzisha balaa la 1930 mpaka 1944 ambalo lilienea karibu nusu ya Afrika kuanzia huku kwetu kushuka chini mpaka kusini kabisa, mpaka leo kuna shirika la nchi kadhaa lenye makao Ndola, Zambia, kazi yake kubwa ni kuwachunga hao. Sasa angalia maisha yake. Mayai yanatagwa mvua zikishaanza, kama Desemba hivi, yanaanguliwa baada ya mwezi, tunutu wanakua kama miezi miwili, kufika mwezi wa tatu au wa nne wana mabawa tayari. Wakubwa kabisa, wameshiba, majani bado yapo. Lakini hawazai! Wanakaa hivyo kiangazi chote, mwezi wa tano, wa sita, mpaka wa kumi, mayai tumboni hayakui kabisa, wanasubiri Novemba. Kwa hiyo mtu mzima anaishi miezi nane tisa, na kazi ya uzazi anaifanya mwishoni tu.

Kinachomshikilia ni mwanga. Watafiti wa kituo cha nzige kilichokuwa London waliwafuga miaka ya 1950 na 1960 wakiwabadilishia urefu wa mchana kwa taa, wakaona aliyekulia kwenye mchana mrefu afu akahamishiwa kwenye mchana mfupi anachelewa sana kukomaa. Na ndo hali halisi ya Rukwa, anakua akiwa tunutu Januari na Februari siku bado ndefu, anapata mabawa siku zinapungua. Waambie wanafunzi jambo hili sasa: Rukwa, tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa kwa mwaka ni kama saa moja tu. Mdudu anaisoma. Hapa kwetu Arusha tuko karibu zaidi na ikweta, tofauti haifiki hata nusu saa, kwahiyo panzi wengi wa huku wanaangalia zaidi unyevu na majani kuliko jua. Ukienda Marekani na Kanada kwenye nyika zao, panzi wa kule wengi wanapitisha baridi kama mayai yaliyolala chini ya theluji, wanaanguliwa joto likirudi, wanamaliza kila kitu kabla baridi haijaingia tena. Sisi baridi yetu haiui mtu. Kinachoua huku ni ukavu.

Mama Juma, Mwanga

Shikamoo kaka. Kuna panzi wanene wa rangi rangi, kijani na njano na nyeusi na machungwa, hawaruki, wanatembea tu kwa kiburi, ukiwashika wananuka vibaya. Wamekula muhogo wangu wote na kuku wanawakataa. Mwaka hadi mwaka wanatokea sehemu ile ile chini ya vichaka karibu na choo cha zamani, mwanzo wanakuwa vidogo vyeusi vimerundikana kwenye mti mmoja. Nimechoka kabisa.

*Marahaba Mama Juma, pole sana.* Kati ya wote walioandika wewe ndo uko karibu zaidi na ufumbuzi, maana umeshaona wanapotokea. Huyo ni Zonocerus elegans, panzi anayenuka. Wengi wao mabawa ni mafupi ndo maana hawaruki, na kile kiburi chao kina sababu, mwilini wana sumu kutoka kwenye mimea wanayokula. Mmoja wa mimea wanayoipenda kwa ajili hiyo ni jamii ya marejea, ile tunayopanda kurutubisha udongo. Kwahiyo kama una marejea pembeni ya muhogo, hapo ni kama umewaita, ipande mbali. Watoto wasiwachezee mdomoni.

Uzazi wake kwa mwaka ni mara moja. Ila udhaifu wake mkubwa ni kwamba majike hawatagi hovyo, wanakusanyika mamia kwa mamia sehemu moja yenye kivuli na udongo laini, wanataga hapo hapo, afu mayai yanalala ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa karibu kwa pamoja. Fikiria miezi yote hiyo adui yako hana miguu wala meno, na wewe unajua alipolala. Kusini mwa Nigeria kuna ndugu yake anayeshambulia muhogo vile vile, na tangu miaka ya 1970 watafiti kule waliwaonyesha wakulima njia moja ya bei rahisi: wakati wa kutaga weka alama, piga hata vigingi vya miti, mkishamaliza mavuno chimbeni pale kwa jembe kina cha kidole mpaka kiganja, vifuko vianikwe juani. Vikipigwa na jua vinakauka, na vikibaki juu ndege na sisimizi wanamaliza. Inabidi mfanye na majirani, maana ukichimba pako peke yako wa jirani watakuja kwa miguu.

Ukichelewa wakaanguliwa bado una nafasi. Vile vyeusi vilivyorundikana kwenye mti mmoja, nenda alfajiri baridi ikiwa bado ipo, vimezubaa, kung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usisubiri vipate rangi.

Kijana wa Bukoba, yuko Njiro

Bwana Shamba mimi mambo ya mahindi sina, naulizia senene tu. Huku Arusha siwaoni, wanazaliana vipi na kwa nini kwetu tu?

*Mdogo wangu nakuonea huruma.* Senene wapo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ila makundi ya kujaza magunia ndo ya kwenu Kagera na ng'ambo Uganda, Novemba mpaka Desemba na tena kama Aprili na Mei, mvua mbili za ziwa. Yeye hachimbi ardhi, anataga katikati ya shina la nyasi na jani linalolikumbatia, kwahiyo anahitaji nyasi ndefu zenye maji muda mrefu. Njiro nyasi zenu mnakata kila wiki.

Wote mlioulizia dawa na trekta

Trekta kwanza. Kulima mapema baada ya mavuno kunasaidia kweli, mayai yanageuzwa juu, jua na ndege wanafanya kazi. Ila msitegemee sana, maana mayai mengi hayako katikati ya shamba, yako kwenye kingo, njia, mitaro na malisho yaliyochoka yenye udongo wazi. Pale hakuna trekta inayopita. Zungukeni kingo baada ya mvua za kwanza kila siku chache, mkiona tunutu wamejaa sehemu moja hapo ndo pa kupambana. Kuku na kanga wafungulieni upande huo, na wale korongo weupe wanaotoka Ulaya kuanzia Novemba wakitua shambani kwako usiwafukuze, wamekuja kula panzi.

Dawa. Mmoja ameniandikia amenunua dawa duka fulani, amepiga mara mbili panzi wanacheka tu. Inawezekana dawa ilikuwa feki, ila inawezekana pia amepiga wakubwa wenye mabawa, ambao wakihisi harufu wanaruka kwa jirani, jioni wanarudi, na majike yao walishataga kitambo. Dawa inapigwa kwa tunutu, asubuhi, pale walipo, sio shamba zima. Mwarobaini unafanya kazi kwa wadogo, unawakatisha hamu ya kula na unawasumbua kujivua gamba, kwa wakubwa matokeo ni madogo. Kuna na ukungu wa kutengenezwa unaitwa Metarhizium, mwaka 2009 ulitumika kwa nzige wekundu Iku, Rukwa na Malagarasi kwenye eneo la karibu hekta 10,000, unaua panzi na nzige bila kugusa ndege wala samaki, ila unachukua siku kadhaa kwahiyo mwenye haraka hawezi kuuvumilia. Kabla ya kununua chochote hakikisha kimesajiliwa, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, wako hapo hapo Ngaramtoni ilipokuwa TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, na maafisa ugani wa kata wanajua orodha. Kwa mchicha na mboga za majani soma lebo ujue usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, kuna watu wanapiga Ijumaa wanauza sokoni Jumamosi. Na maharage yakiwa na maua usipige saa nne asubuhi, nyuki wako kazini, subiri jioni.